Upeo Uliolala Upande

Picha ilikuwa safi na rangi zake zilikuwa za kweli: bahari ya Pangani jua lilipokuwa limekwisha kupungua ukali, ufuo uliolainishwa na maji yaliyokupwa, minazi iliyojipanga kama watu wanaongojea pantoni, na mbali, karibu na mwamba, tanga moja la ngalawa likirejea nyumbani, ila bahari yenyewe ilikuwa imelala upande. Haikulala sana. Mstari wa upeo, pale maji yanapokutana na mbingu, ulianzia juu kidogo upande wa kushoto wa kioo cha simu, ukateremka polepole hadi upande wa kulia, kana kwamba Bahari ya Hindi ni beseni ambalo mtu ameliinua ubavu mmoja ili awamwagie watu wa Bweni, ng'ambo ya mto, maji yote yaliyomo. "Mjomba," aliniambia mpwa wangu, naye ni kijana anayepata riziki yake kwa kupiga picha za harusi, "kila kitu sasa kinafanya kazi, isipokuwa bahari imepinda." Nilicheka, kwa kuwa sijapata kusikia bahari ikilaumiwa kwa kosa la namna hiyo, kisha nikaitazama tena ile picha na kicheko kikanikauka, maana nilikuwa nimekiinamia chombo kile siku mbili, miwani puani na pumzi nimeibana, na asubuhi ile nilikuwa nimejipa mwenyewe hongera ya kukiponya.

Chombo chenyewe ni droni, ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo uzito wake haufiki gramu 250, yaani ni nyepesi kuliko embe dodo lililoshiba. Ilianguka harusini. Bwana harusi alikuwa akisindikizwa ufuoni kwa matari na vigelegele, na kijana akairusha ndege yake chini kwa chini ili aupate msafara kwa mbele, ikirudi kinyumenyume kadiri watu walivyosonga, bila kukumbuka kwamba huku kwetu nyuma ya kila arudiye kinyumenyume pana mnazi. Kuti moja liligusa rafadha moja, na ndege ikashuka kutoka kimo cha watu wawili ikapiga mchanga kwa pua. (Kijana ana kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, nalitaja hilo mapema ili msomaji asije akashughulika na sheria akaniacha peke yangu na kamera.) Mwili haukuvunjika, rafadha zilibadilishwa kwa muda mfupi, na ndege ikaruka tena jioni ile ile. Kilichoumia ni kile kijisehemu kinachoibeba kamera chini ya pua, ambacho vijana hukiita gimbali, nami, kwa kuwa nimezeeka nikiamini kwamba kitu hustahili jina la kazi yake, nimekuwa nikikiita kitulizi. Kamera ilikuwa ikining'inia pale kama jino la mtoto linalongojea uzi, na simu ilitoa ilani ile ile kila ndege ilipowashwa: mota ya kitulizi imezidiwa.

Kabla ya siku ile sikupata kukitazama kitulizi kwa makini, na nadhani ndiyo desturi yetu sote kwa vitu vinavyovituliza vingine: twaitazama picha, hatumtazami aliyeishika. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wazee, nao walikuwa wakivisema vyombo vya baharini. Lakini picha ya droni nayo yaelea, yapita juu ya vichwa vya minazi bila mtikiso, na mtazamaji hudhani kwamba huko juu hakuna upepo. Upepo upo, tena wa kusi, na ndege hupigwa, huinama, huyumba, hujirudi, mfano wa ngalawa iliyokutwa na wimbi la ubavuni; kamera peke yake ndiyo isiyohangaika, na haihangaiki kwa sababu mota tatu, zisizozidi vifungo vya koti kwa ukubwa, zinahangaika kwa niaba yake. Moja huinua na kuinamisha uso wa kamera, moja huulaza begani, na moja huugeuza huku na huku; na mwenye kuzichunguza ataona kwamba hizo ndizo ishara tatu za kichwa cha mwanadamu, ya kuitikia, ya kusikitika, na ya kukataa. Pamoja na kamera kimefungiwa kipimo kidogo kama punje ya dengu, ambacho kazi yake ni kuhisi kila mzunguko na kuutangaza, mara mamia kwa kila sekunde, na mota huujibu kwa mzunguko wa kiasi kile kile upande wa pili. Ndege ikiinama omo, kamera huinuliwa. Ikilala joshi, kamera hulazwa demani. Upepo huuliza, mota hujibu, na sisi tulioshika simu hatusikii swali wala jibu.

Kitulizi kizima kikiwashwa hufanya jambo moja lililonipendeza tangu mwanzo. Kamera huinua uso, hutazama kushoto, hutazama kulia, huinama, kisha hukaa kimya ikitazama mbele, sawasawa na mgeni mwenye adabu aliyeingia barazani akasalimu pande zote kabla ya kuketi. Kile cha mpwa wangu kilianza salamu, kikafika upande wa kulia, kikatetemeka, kikakata tamaa na kuangusha kichwa.

Tulianza na yale yaonekanayo. Kitulizi hakikufungwa kwenye mwili wa ndege kwa skrubu pekee. Kinaning'inia kwa vipira vinne laini, ambavyo huzuia mtetemo wa rafadha usiifikie kamera, na ajuaye mwanamke anavyobeba mtungi atavitambua mara moja kwamba ni ngata. Kichwa hakiukuti mtungi ana kwa ana. Katikati huwekwa kitambaa kilichoviringwa, na kitambaa hicho humeza ugomvi mdogo mdogo wa hatua. Kipira kimoja kilikuwa kimechomoka tunduni. Kikiachwa hivyo, kamera, ambayo husoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, huukuta ukuta ulionyooka umekwisha kusogea kabla haijamaliza kuusoma, na nyumba nzima hutikisika pichani kama faluda ndani ya bilauri. Nilikivuta mkia wake kwa kibanio mpaka kikaingia. Utepe mwembamba unaopitisha umeme na picha, nao ndio wa kuogopwa kuliko yote kwa kuwa hauungiki kwa gundi wala kwa dua, ulikuwa mzima. Mkono wa alumini haukupinda. Na bado ilani ilikuwa ile ile.

Hapo nilizima umeme nikaacha macho yapumzike, nikatumia kidole. Nilikizungusha kiungo cha kwanza, kikateleza kama punje ya tasbihi kwenye uzi wake; cha pili vivyo hivyo; cha tatu kiliteleza nusu ya njia, kikakwaruza, kikagoma, na nilipokirudisha kikagoma mahali pale pale. Kwa lenzi ya fundi saa, ambayo niliirithi bila ya kuurithi ufundi wenyewe, nilitazama katika ule ufa mwembamba baina ya sehemu ya mota inayozunguka na ile isiyozunguka, nikaona jambo ambalo sikulitarajia: chembe nyeusi, hazizidi saba, zimesimama wima kwenye ukingo wa sumaku kama nywele za mtu aliyeogofywa. Kila aliyepita ufuo wetu baada ya mawimbi makali anaijua ile michirizi myeusi inayobaki juu ya mchanga mweupe. Watoto huiita masizi ya bahari, na wataalamu wa madini wana majina yao, ilmenaiti na magnetaiti, mabaki mazito ya majabali ya bara yaliyosagwa na mito na kuteremshwa pwani. Mto wetu huanzia huko Kilimanjaro na Meru. Basi huenda chembe ile ilikuwa ya mlima, ikasafiri zama zisizohesabika ikafika kinywani mwa mto, ikatulia. Kisha siku ya harusi ya watu kitu chenye sumaku kikaanguka kando yake, nayo ikaitika. Nilijaribu kuitoa kwa pini, na sumaku ikainyakua pini mkononi mwangu, nusura ichubue waya wa shaba. Kilichofaa ni kijiti cha meno kilichozungushiwa selotepu, upande wa gundi ukiwa nje: kugusa, kuinua, kufuta, kugusa, kuinua, kufuta, saa nzima, kwa chembe saba.

Katika saa ile nilimkumbuka dada yangu, mama wa kijana huyu, ambaye aliamka alfajiri moja akakuta dari linazunguka. Tulidhani ni shinikizo la damu, na wengine walidhani mambo mengine, ambayo pwani hayakosi wa kuyadhani. Daktari alitueleza kwamba ndani ya sikio mna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, yenye majimaji yanayoiarifu akili kila kichwa kinapogeuka; na karibu nayo mna chembe ndogo za chokaa, ambazo mahali pake si mferejini, lakini mara nyingine hudondoka zikaingia humo na kuyasukuma yale majimaji, hata mtu aliyelala kimya akaambiwa na sikio lake kwamba anazunguka. Hakutoa sindano wala kidonge. Alimketisha kitandani, akamgeuza kichwa upande, akamlaza chali kichwa kikining'inia ukingoni, akangoja. Akakigeuza upande wa pili, akangoja. Akamlaza kwa ubavu, kisha akamwinua, na chembe zikawa zimebingirika zikatoka zilikoingia. Mifereji mitatu, mota tatu. Sidhani kama waliounda kitulizi walikuwa wakiliiga sikio. Nadhani dunia ina pande tatu tu za kugeukia, na kila atakaye kutulia hana budi kuweka mlinzi kila upande, naye mlinzi hushindwa na chembe.

Mabaharia wetu wana neno mrama, nalo ni ule mwendo wa chombo wa kuyumba na kuchovya katika mawimbi, na kutokana na chombo kwenda mrama tukapata kusema kwamba mambo ya fulani yamekwenda mrama. Neno limehama baharini likaja nchi kavu, likasahau lilikotoka. Baharini, hata hivyo, kwenda mrama si msiba. Ni hali ya kila siku, na chombo kisichoyumba ni kile kilichokwisha kupanda mwamba. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, na katika vitu vyake nilivyoruhusiwa kuvitazama bila ya kuvigusa ilikuwamo dira, ndani ya kisanduku cha msaji, bakuli la shaba lililoning'inizwa katika pete mbili, moja ndani ya nyingine, pete ya nje ikicheza upande huu na ya ndani upande ule. Chini ya bakuli palikuwa na uzito wa risasi. Kisanduku ukikiinamisha utakavyo, pete zilipishana kwa adabu, na uso wa dira ulibaki umelala sawa, kama maji.

Werevu huo ni wa kale sana. Katika vitabu vinavyonasibishwa na Philo wa Byzantium, Myunani wa karne ya tatu kabla ya Masihi, ambaye maandishi yake kadhaa yalituokokea kwa tafsiri ya Kiarabu, mna kidau cha wino chenye pande nane, na tundu kila upande, kilichotundikwa ndani kwa pete hata ukikigeuza vyovyote wino haumwagiki. Huko China, yapata miaka 1,800 iliyopita, fundi Ding Huan alisifiwa kwa chetezo kilichoweza kuwekwa kitandani baina ya nguo bila kumwaga makaa. Na Wazungu wakaziita pete hizo kwa jina la Girolamo Cardano, tabibu na mwanahesabu wa Italia aliyekufa mwaka 1576, ijapokuwa mwenyewe hakudai kuzibuni. Moto, wino na njia: hivyo ndivyo watu walivyovihofia kumwagika. Nami chetezo ndicho kilichonigusa zaidi, kwa kuwa katika harusi ile ile iliyoiangusha ndege ya mpwa wangu kilikuwamo chetezo cha udongo, moshi wa udi ukipanda, na kijana wa kiume aliyekibeba alikuwa akitembea kwa kunyata, mikono yake miwili ikiwa ndiyo pete.

Lakini pete za babu na mota za mpwa si ndugu wa tumbo moja. Pete hazifanyi kazi yoyote, huachilia tu. Jahazi huinama, nazo hukataa kuinama pamoja nalo, na uzito wa risasi chini ya bakuli hauna habari ya mawimbi. Mota huhisi kila kishindo na kukilipa papo hapo, kwa umeme, na betri ikiisha hakuna utulivu tena. Nimewajua watu wa aina zote mbili. Wako ambao kimya chao ni cha risasi, kimekaa chini kabisa mwao, na ukiwatikisa wataning'inia kidogo na kurejea. Hao wazee wetu waliwatofautisha na debe shinda, ambalo haliachi kutika. Na wako wengine, wengi zaidi kuliko tunavyodhani, ambao kimya chao hununuliwa upya kila dakika. Mama wa bibi harusi alipita siku nzima baina ya masufuria ya biriani na wageni waliokuja bila kualikwa, taa zilizozimika na shemeji aliyekasirika, na kila aliyemwona alisema, mama yule ana moyo mtulivu. Usiku nilimwona ameketi peke yake juu ya gunia nyuma ya jiko, viatu mkononi, kichwa kimeanguka kifuani. Sikumsemesha. Mimi, nikiulizwa, nitasema bakuli la shaba ni zuri zaidi kulitazama. Ila sijui kama ni haki kuliheshimu zaidi.

Narudi kwenye bahari iliyopinda. Mota zilikuwa huru, kipira kilikuwa mahali pake, salamu ya kuingia barazani ilikamilika bila kigugumizi; nikauliza tulifanya nini mwisho, na kijana akanikumbusha kwamba baada ya kukifunga kitulizi tuliiamuru ndege ijilinganishe. Simu hutoa agizo: weka ndege mahali palipo sawa, usiiguse. Tuliiweka mezani kwangu, meza ya mvule ambayo nimeandikia, nimelia chakula na kusahihishia madaftari ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini, tukaondoka tukanywe kahawa ili tusiitikise. Mashine haijui usawa kwa kuzaliwa. Huhisi mvuto wa ardhi, na katika dakika ile ya kulinganishwa huamini kwamba pale ilipolazwa ndipo usawa wenyewe ulipo, huandika hivyo katika kumbukumbu yake, na kuanzia hapo huutetea usawa ule kwa nguvu zake zote. Mpwa wangu alikwenda kwa jirani mwashi akaazima pimamaji. Tuliilaza mezani, na kile kipovu, badala ya kukaa katikati ya alama zake mbili, kilikimbia mpaka mwisho wa kichupa kikajibanza. Nyumba yangu ni ya mawe na chokaa, ya zamani, na sakafu yake imetitia upande wa mtoni; katika meza ya urefu wa mita moja tofauti ilikuwa sentimita mbili na nusu, yaani karibu digrii moja na nusu, kadiri ile ile ya bahari katika picha.

Kilichonishtua ni uaminifu wa kile chombo. Kitulizi kilichokuwa kibovu kilitetemeka na kukiri; hiki kilichopona kilisimama imara katika kosa, hakikuyumba kwa upepo, na kadiri mota zilivyofanya kazi vizuri ndivyo bahari ilivyolala upande kwa uthabiti zaidi. Nikajiuliza ni watoto wangapi niliowasahihishia madaftari juu ya meza ile, kwa kalamu nyekundu, nikiwa sina shaka. Katika picha ya kutazama chini wima kosa hili lisingetuumbua upesi hivyo. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Zanzibar walianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili kutengeneza ramani, na wanafunzi wa chuo kikuu chao cha taifa wakiwa miongoni mwa warushaji. Katika picha za namna hiyo mna mapaa, mikarafuu na njia, lakini hamna upeo. Ni pale tu kamera inapoinua uso itazame mbali ndipo inapokutana na ule mstari ambao haukulazwa mezani kwa mtu.

Tulikwenda ufuoni, tukaupiga mchanga wenye maji kwa ubao, tukamwaga maji kidogo kwenye sahani, tukatia vijiwe chini yake hata maji yakagusa ukingo wa maua ya sahani pande zote kwa pamoja, kisha tukaiweka ndege badala yake, na pimamaji ikashuhudia. Kijana aliirusha. Bahari ilirudi mahali pake. Kuhusu zile picha alizokuwa amekwisha kuzipiga zikiwa zimepinda, alitaka kuzikata na kuzinyoosha kwa programu, nami nikamwomba aniachie moja.

Jioni, nilipoketi na chai, nilitazama kikombe kabla ya kunywa. Upande mmoja chai ilikuwa karibu na mdomo wa kikombe kuliko upande wa pili, tofauti ya unene wa uzi wa kushonea kofia, na ndani ya kikombe kile cheupe, ambacho tumekitumia miaka mingi, mlikuwa na pete ya kahawia iliyoachwa na chai za siku zote, nayo pia imelala upande. Nilichukua kipande cha mvule, nikakichonga kabari, nikakitia chini ya miguu miwili ya upande wa mtoni, na kipovu cha pimamaji kikaja katikati. Mke wangu alileta vitumbua, akaweka sahani, akarudi nyuma hatua moja, akaitazama meza kwa jicho la mashaka. "Bwana, umeifanyaje meza? Mbona imekwenda upande?" Asubuhi nilikuta kabari imewekwa chini ya mlango wa uani.